Bwana Aliyelala Mlangoni

Nitegulieni hiki, wajukuu zangu, kabla sijaendelea: nina bwana amelala mlangoni pangu. Nikitoka hanizuii. Nikirudi haniulizi nilikuwa wapi. Mvua inamnyeshea, jua linamchoma, kuku wanampanda mgongoni, naye hageuki hata ubavu. Nani huyo?

Fikirini polepole. Mimi naendelea.

Kwa aliyeanza kunisoma leo, naitwa Benta, mkaanga mgongo wazi wa Obunga, hapa Kisumu. Mgongo wazi ni ule mfupa wa samaki mbuta unaobaki kiwandani baada ya mnofu kupasuliwa. Mnofu hupanda ndege kwenda Ulaya na hakuna anayeuuliza kama utarudi. Mimi ninayekaanga mifupa, niliulizwa.

Mtu wangu anaitwa Matthias, lakini Obunga nzima ilimgeuza Mathayo. Alikuja kutengeneza mitambo ya barafu. Mchana mmoja akaonja mgongo wangu, akanyonya mfupa mpaka ukawa mweupe, na kesho yake akarudi. Akawa mtu wa kurudi kila siku, hadi tukapendana, wazee wawili tusio na aibu. Mkataba wake ukaisha, akaenda kwao. Nchi yenyewe sitaitaja, kwa sababu bado nataka kuingia.

Wiki jana niliwaacha Mathayo ameanguka jikoni kwake, madaktari wanataka kumfungua kifua, naye ameomba niende kumtembelea. Visa ya utalii tu, nimshike mkono, basi. Niliwaeleza nilivyoenda Nairobi kuhojiwa nimevaa viatu vya kuazima, na nilivyotoka mle ndani nikicheka, nikijua nimefaulu.

Sikufaulu.

Habari aliileta Amolo, mjukuu wangu, na bahasha imekwisha kufunguliwa.

"Dani," akasema. Ndivyo wajukuu wa huku wanavyotuita sisi nyanya zao. "Dani, kaa chini kwanza."

"Nina mafuta motoni. Soma nikiwa nimesimama."

"Wamekataa."

Mgongo ukaniponyoka, ukatumbukia karaini, mafuta yakanirukia mkononi. Sikusikia moto.

"Wanasemaje?"

"Mambo mawili. La kwanza, maelezo yako hayalingani. La pili, hawaamini kwamba utarudi."

"Nitarudi kutoka wapi, na sijaenda?"

"Mama Mgongo!" mteja akapiga kelele. "Hiyo yangu inaungua!"

"Iungue," nikamwambia. "Hata mimi naungua."

Nilivua aproni, nikamwachia Amolo karai, nikaenda zangu Nyamasaria kwa Mwihaki. Mwihaki ni binti wa Murang'a aliyekuja Kisumu na baba yake kuuza vitambaa, akaishia kufungua saiba pale barabarani. Ndiye aliyenijazia zile fomu kwenye kompyuta. Ni mtu wa maneno makali na roho nzuri, na kama huna subira usiende kwake asubuhi.

Akaisoma ile barua. Akairudia. Akavua miwani.

"Mama Mgongo, tuanze mwanzo. Pale dirishani walikuuliza nini?"

"Jina. Kazi. Watoto. Halafu wakaniuliza, umeolewa?"

"Ukajibu?"

"Nikajibu ndiyo."

Mwihaki akaganda. "Ukajibu nini?"

"Ndiyo, nimeolewa."

"Umeolewa na nani?"

"Na Absalom! Kwani ulidhani wale watoto niliwaokota sokoni?"

"Absalom alikufa!"

"Alikufa. Lakini hatukuachana."

Akashika kichwa kwa mikono yote miwili, mpaka watu waliokuwa kwenye kompyuta zingine wakageuka.

"Mama! Kwa fomu mimi niliandika mjane. Niliandika Matthias ndiye mchumba wako, ndiye anakualika, ndiye atakulisha. Halafu wewe unaenda pale unawaambia uko na bwana! Unajua wameona nini? Wameona mke wa mtu anatoroka kwenda kwa mzungu!"

Hapo ndipo nilipokaa chini bila kuambiwa.

Niwaeleze vizuri, kwa maana gazeti hili linasomwa hata na watu wasiojua mambo ya kwetu ziwani. Kwetu bwana akifa, wewe unabaki mke wake. Jina lenyewe ni chi liel, yaani mke wa kaburi. Ulitolewa ng'ombe, ukajengewa nyumba, na bwana akienda anazikwa hapohapo nje, upande wa kulia wa mlango wako. Unafagia ua ukimzunguka. Unaanika mtama ukimtazama. Haiji siku mtu akabisha hodi na kukuambia, mama, kuanzia leo hujaolewa.

Basi mmetegua? Ndiye huyo. Absalom wangu, aliyetuacha Amolo hajazaliwa, ndiye aliyelala mlangoni Seme, na kuku wanampanda mgongoni.

Kwa hiyo yule binti wa dirishani aliponiuliza kama nimeolewa, sikudanganya wala sikufikiri. Ilikuwa kama ameniuliza kama nina pua.

"Tutaomba tena," Mwihaki akasema. Sauti yake ilikuwa imepoa. "Safari hii wakikuuliza, unasema mimi ni mjane. Sema nisikie."

"Mimi ni mjane."

"Wakisema, una mume? Unasema, sina mume."

"Si..." Nikakohoa.

"Mama, ni maneno mawili tu."

"Ni mawili kwako."

Akanisogezea chai yake mwenyewe. "Haya. Tutafute cheti cha kifo. Cheti kikiwapo, hutahitaji kusema mengi."

Cheti! Absalom alifia nyumbani kitandani kwake, tukalia, tukamzika, tukala, watu wakaenda makwao. Nani aliwaza cheti? Nilienda ofisi ya vyeti, karani akaniambia inawezekana, ila lazima litafutwe faili la miaka ile. Nikamuuliza liko wapi. Akasema angejua liliko, lisingekuwa linatafutwa.

Jioni hiyo simu ikalia nikiwa bado naosha karai.

"Benta. Kitendawili."

Huo ndio mchezo wetu. Nilimfundisha Kiswahili kwa vitendawili, na mpaka leo ukimsikia utadhani anategua badala ya kuzungumza.

"Tega," nikasema.

"Nyumba kubwa. Mtu moja. Kikombe moja."

Nilijua jibu. Lakini nilitaka kumsikia akiongea. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Kisumu."

"Nimekwenda Kisumu," akasema, na nikasikia anavyopumua katikati ya neno na neno, kama mtu anayepanda mlima, "nimekula mgongo, nimeshiba, nimerudi nyumbani. Hiyo mtu ni mimi."

Nikaweka karai chini. "Mathayo, daktari anasemaje?"

"Daktari anasema upesi. Mimi nasema hapana."

"Hapana nini?"

"Mimi hapana weka sahihi. Wewe ukija, naweka. Nikilala na kisu, nataka kuamka, kuona Benta. Kama Benta hapana, basi mimi nalala tu. Hapana amka."

Damu ikanipanda. "Mzee una wazimu wewe? Weka sahihi leo! Weka sasa hivi!"

"Wewe unakuja?"

"Wamekataa, Mathayo. Lakini tunaomba tena."

"Basi mimi nasubiri tena."

"Kifua chako hakisubiri!"

Akacheka kidogo, akakohoa sana, simu ikakatika.

Amolo alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Alichukua lile karai akalisugua mpaka likang'aa, na karai hilo halijawahi kung'aa tangu linunuliwe.

Mnaelewa mambo yalivyogeuka? Mwanzo visa ilikuwa safari, nikaone theluji, nirudi niwasimulie. Sasa ilikuwa roho ya mtu. Wakinikataa tena kule Nairobi, wanamkataa na Mathayo, na yeye mwenyewe amewapa kisu washike.

Mwihaki ndiye aliyepata njia. Alikuwa amemsaidia mama mwingine wa Otonglo, na yule alipohojiwa, ubalozi ulipiga simu kwao kuuliza.

"Hawa watu hupenda kusikia familia," akaniambia. "Mkuu wa boma lenu ni nani siku hizi?"

"Owiti. Ndugu mdogo wa Absalom."

"Tunaweka namba yake. Ana mambo mawili tu ya kusema. Absalom alikufa, na wewe utarudi kwa sababu una nyumba na watoto. Akisema hayo, hata cheti watakisahau. Anakupenda huyo shemeji?"

"Ananiheshimu."

"Nimeuliza anakupenda?"

"Mwihaki, wewe jaza fomu."

Nikaenda Seme. Nilibeba sukari na majani ya chai, na mgongo mmoja mkubwa nimeukaanga taratibu, kwa sababu Owiti ni mtu wa kula kwanza ndipo akasirike.

Nilimkuta ameketi juu ya Absalom.

Msishangae. Pale bomani kwetu mtandao wa simu haushiki popote ila juu ya kaburi la Absalom. Sijui ni kwa kuwa saruji yake imeinuka, au ni kwa kuwa mahali pale hapana miti. Kila mwenye simu huenda kuketi pale. Absalom alipenda sana habari za watu alipokuwa hai, nadhani hachukii.

"Nyar Alego," Owiti akaniamkia. Ndilo jina langu pale, binti wa Alego, kwa kuwa huko ndiko nilikotolewa.

"Shemeji."

"Umeleta sukari. Basi kuna neno."

"Kula kwanza."

Akala. Nikamweleza yote, tangu mitambo ya barafu mpaka kikombe kimoja. Hakunikatiza. Alipomaliza kunyonya mfupa wa mwisho akaufuta mkono wake kwenye suruali, akasema, "Kwa hiyo nikisema unavyotaka, wewe si mke wa hapa tena."

"Sikusema hivyo. Useme tu kwamba Absalom alikufa."

"Nani hajui Absalom alikufa? Nilimchimbia kwa mikono yangu."

"Wao hawajui."

"Waje waone. Nitawaonyesha. Nitawakalisha hapa nilipokaa."

"Shemeji, tafadhali."

"Na wewe kule utasema huna bwana."

Nikaanza kukusanya mifupa.

"Si ndivyo? Utasimama mbele ya watu useme huna bwana. Na hiyo nyumba," akaninyooshea kidole mlango wangu, "hiyo iliyojengwa na huyu hapa, itakuwa ya nani? Mwanamke asiye na bwana anakaa hapa kwa nani? Na ukifia huko kwenye barafu, Nyar Alego, niwaambie watu wachimbe wapi? Hapa kando yake, au kwa huyo Mathayo wa mifupa?"

"Mathayo anakufa, Owiti!"

Nilikuwa sijamwita kwa jina tangu niolewe pale. Yeye mwenyewe alishtuka. Kuku wakatawanyika.

Ziwa lilionekana kule chini, na watu walikuwa wakianua omena, dagaa wa kwetu, kabla mvua haijaja. Owiti akapapasa saruji kwa kiganja, kama mtu anayempapasa ng'ombe.

"Huyu naye alikuwa mbishi," akasema taratibu. "Wakati anakwenda alikataa hospitali. Alikataa dawa. Alimkataa hata mama yetu. Wewe tu ndiye ulikaa ukamshika mkono mpaka ukapoa. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliona."

"Ndiyo."

"Na huyu wa pili unataka kumshika vilevile."

"Ndiyo, shemeji."

"Na ukishamshika, utarudi?"

Wajukuu zangu, hapa ndipo ninapowaungamia, na mhariri akitaka akate, asikate hapa. Neno lilikuwa jepesi. Nitarudi. Mtoto angelisema. Lakini nilipofungua mdomo nikaiona ile nyumba kubwa, mtu mmoja, kikombe kimoja. Nikajiuliza, akipona, nitawezaje kumwachia kikombe chake na kwenda zangu? Na asipopona, nitawaachia nani wamfagilie kaburi? Nikageuka nikautazama mlango wangu wa Seme, na Absalom kando yake, na majani yameanza kuota ufani mwa kaburi kwa sababu sikuwa nimekuja kuyang'oa.

Ulimi ukalala.

Owiti alinisubiri. Alinisubiri kweli, simwonei. Kisha akasema, "Haya."

"Wakikupigia, utasema nini?"

"Nitasema ninachokijua."

"Unajua nini, shemeji?"

Akanigeuzia mgongo, akainua simu juu kutafuta mtandao, akaanza kumwita mkewe amletee uji. Nilipiga magoti, nikang'oa yale majani ya ufani, nikaondoka sijajibiwa. Wala mimi sikuwa nimemjibu.

Nairobi nikarudi na viatu vilevile vya kuazima. Amolo alinisuka, Mwihaki akanitungia majibu nikayakariri kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi ni mjane. Sina mume. Nitarudi. Mimi ni mjane. Sina mume. Nitarudi.

Dirishani alikuwa binti yuleyule, jina lake limeandikwa kifuani, Sheila. Nyuma yake ameketi afisa wa kizungu aliyekuwa akisikiliza kwa macho.

"Mama, karibu tena. Mara ya kwanza ulisema umeolewa."

"Ndiyo."

"Sasa hapa naona mjane. Mume amekufa juzi?"

"Alikufa zamani."

"Zamani kabla hujasema umeolewa?"

"Ndiyo."

"Kwa hivyo ulikuwa umesahau?"

Mtu aliyekuwa kwenye foleni nyuma yangu akacheka. Nikahisi jasho linatiririka mpaka kwenye viatu vya watu.

"Binti yangu, kwetu mwanamke bwana yake akifa..."

"Cheti cha kifo uko nacho?"

"Kinatafutwa. Lakini nilikuwa nakwambia kwetu mwanamke..."

"Mama, jibu swali tu. Kuna watu wengi. Uko na mume ama huna?"

Nikashika ukingo wa dirisha. Nikamwona Mathayo na kalamu, hataki kuandika. Nikamwona Absalom na kuku mgongoni.

"Sina," nikasema. "Sina mume. Mimi ni mjane."

Lilitoka. Dogo tu, halikufika hata kwa yule mcheshi wa nyuma yangu. Lakini nililisikia likifunga mlango wa Seme, na kitasa kikigeuka kwa ndani.

Sheila akaandika. Hakujua ameandika nini.

"Ukienda, mama, utarudi?"

Jibu la tatu! Nilikuwa nalo. Nililikariri njia nzima. Lakini nilikuwa nimekwisha kuutumia mdomo wangu wote kwenye lile la pili.

"Nina nyumba Seme," nikasema. "Nina watoto. Nina Amolo. Nina karai langu Obunga."

"Sijauliza uko na nini. Nimeuliza, utarudi?"

"Karai langu..."

"Mama."

Nikalia. Sikutaka, lakini nililia, mwanamke mzima nimeegemea kioo. Sheila akanisogezea karatasi laini kwa ule upenyo wa chini, akageuka, wakanong'onezana na yule afisa kwa lugha yao. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya pole.

"Mama, sikiza. Cheti hakuna, na majibu yako yananichanganya. Lakini afisa anasema tupigie huyu mzee wa familia. Vile atasema ndiyo tutaenda nayo. Lakini nikiongea na yeye usiseme kitu. Hata kukohoa. Ukisema neno moja nafunga faili. Umeelewa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nikajifunga mdomo kwa ncha ya kitambaa changu cha kichwa, niwe na uhakika.

Akaiweka simu kwenye spika, ikaita. Ikaita mpaka nikaanza kuomba isishikwe. Ikashikwa.

Kwanza nikasikia jogoo. Halafu upepo. Halafu, "Halooo! Nani?"

"Naongea na Mzee Owiti?"

"Ni mimi! Sema kwa nguvu, hapa kuna upepo!"

"Mzee, unamjua mama anaitwa Benta?"

"Benta gani?"

Nikakaza kitambaa mdomoni.

"Benta wa Obunga, mwenye kuuza samaki."

"Aaa! Nyar Alego! Huyo mbona unaniuliza kama namjua? Huyo ni wetu."

"Ni nani wenu, mzee?"

Nikafumba macho. Nilijua neno lililokuwa mdomoni mwake, neno analoniita mbele ya wageni tangu nilipoletwa pale: mke wetu. Sema, Owiti. Niue upesi.

"Ni mama," Owiti akasema. "Mama wa hapa."

Nikafumbua macho! Alikuwa amelizunguka! Mzee yule, na hasira zake zote, alikuwa amekaa akanichagulia neno.

"Sawa. Na unajua anataka kusafiri kwa nani?"

"Kwa Mathayo, yule mzungu wa barafu. Ni mgonjwa. Mwacheni aende. Huyu mama ana mikono mizuri ya kushika mgonjwa, nilimwona kwa macho yangu. Ninyi mnamkawiza kwa nini?"

Sheila akatabasamu. Akamtafsiria afisa, naye akatabasamu, akauvuta muhuri uliokuwa pembeni akauweka mbele yake. Wajukuu zangu, niliuona! Muhuri ulikuwa mbele yake, mkono wake uko juu yake! Nikauma kitambaa nisipige kigelegele. Shikilia, Mathayo. Tafuta kalamu, mzee, nakuja.

"Asante sana, mzee. Swali la mwisho tu. Huyu mama akienda, atarudi?"

Upepo ukavuma kwenye simu. Jogoo akawika tena. Lilikuwa swali lake mwenyewe, lile aliloniuliza pale juu ya saruji nikashindwa, na sasa lilikuwa limemzunguka likamrudia.

Aliposema, hakupiga kelele tena. Alisema kwa sauti ya upole ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu siku ya mazishi, sauti ya mtu aliyenisamehe yote.

"Atarudi, binti yangu. Ataachaje kurudi? Bwana yake yuko hapa. Hata sasa ninavyoongea na wewe, nimeketi kando yake. Amelala."